Mkorea Tunayemsahau Katika Kambi ya Kapteni Yonoi

Waulize walioitazama Merry Christmas, Mr. Lawrence wanakumbuka nini. Wengi watakutajia muziki wa Ryuichi Sakamoto, au David Bowie alivyofukiwa mchangani hadi shingoni, au lile busu. Ni nadra sana mtu kumtaja Kanemoto. Huyu ni mlinzi wa kambi, Mkorea, na hatumwoni kwa muda mrefu kabla hajafa. Naamini bila yeye filamu hii haieleweki. Tena naamini kwamba kwa zaidi ya miaka 40, wanaoieleza kama kisa cha Mashariki kukutana na Magharibi wamekuwa wakiruka jambo zito zaidi lililomo ndani yake.

Filamu yenyewe iliongozwa na Mjapani, Nagisa Oshima, ikatoka mwaka 1983 na kushindania tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo. Hadithi inatokea Java mwaka 1942, baada ya Wajapani kukinyakua kisiwa hicho kutoka kwa wakoloni wa Kiholanzi. Mkuu wa kambi ya mateka ni Kapteni Yonoi, anayeigizwa na Sakamoto. Chini yake yupo Sajini Hara, mtu wa kipigo na kicheko, anayeigizwa na Takeshi Kitano. Upande wa mateka yupo Kanali Lawrence, Mwingereza anayesema Kijapani, ambaye ni Tom Conti, na baadaye analetwa Meja Jack Celliers, ambaye ndiye Bowie. Sakamoto alikuwa mwanamuziki asiyewahi kuigiza kwenye filamu, na Kitano wakati ule Wajapani walimjua kama mchekeshaji wa televisheni. Oshima aliwaamini, na waigizaji wazoefu wasingeipa kambi ile wasiwasi iliyo nao. Sakamoto anaigiza kwa mwili uliokakamaa, kama mtu anayeogopa kujisahau hata kwa sekunde moja, na ndivyo Yonoi anavyopaswa kuwa.

Tafsiri iliyozoeleka inatokana na mazungumzo ya Hara na Lawrence. Hara anamshangaa ofisa aliyekubali kukamatwa akiwa hai, na anamwambia kwamba angemheshimu zaidi kama angejiua. Lawrence anajaribu kumweleza kwamba kwao kutekwa si mwisho wa mtu, kwamba mateka bado anataka kushinda vita. Hawaelewani. Mtazamaji anatoka hapo akisema: kumbe Wajapani mila yao ni kufa, Waingereza mila yao ni kuvumilia, basi balaa lote limeanzia hapo.

Historia inakataa. Wajapani haohao walipopigana na Urusi mwaka 1904 na 1905, mateka wa Kirusi waliowekwa Matsuyama walitunzwa vizuri kiasi cha kusifiwa na mataifa ya nje. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wapatao 1,000 waliokamatwa kule Tsingtao, China, waliwekwa katika kambi ya Bando, kisiwa cha Shikoku. Walikuwa na gazeti lao, warsha zao na okestra yao. Tarehe 1 Juni 1918 mateka hao waliimba na kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, mara ya kwanza kwa kazi hiyo kusikika nzima Japani. Kutoka Bando hadi Java ni miaka 24. Mila ya watu haibadiliki kiasi hicho katika miaka 24.

Kilichobadilika ni dola. Tarehe 8 Januari 1941 jeshi la Japani, waziri wake wa vita akiwa Hideki Tojo, lilitoa mwongozo wa askari uliomkataza kuishi na aibu ya kukamatwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu mateka Japani iliutia saini lakini haikuuridhia. Askari aliyefundishwa kwa makofi kwamba yeye mwenyewe akitekwa hana thamani tena, umpe mateka wa nchi nyingine awalinde, utegemee nini? Mahakama ya Tokyo baada ya vita ilikokotoa kwamba katika kila mateka 100 wa Kiingereza na Kimarekani waliokuwa mikononi mwa Wajapani, 27 walikufa. Mikononi mwa Wajerumani na Waitaliano walikufa 4. Tofauti hiyo ilitengenezwa kambini na ofisini, na waliohusika walikuwa na vyeo.

Oshima analijua hili, na ndiyo maana Yonoi wake hakuumbwa na desturi za kale. Ameumbwa na siku moja ya kisiasa. Anamsimulia Lawrence kwamba wenzake walikuwa miongoni mwa maofisa vijana walioasi Tokyo tarehe 26 Februari 1936. Uasi ule ulihusisha wanajeshi wapatao 1,400, ukazimwa ndani ya siku chache, na viongozi wake wakapigwa risasi. Yonoi hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa Manchuria, akapona, na tangu hapo anaishi kama mtu anayedaiwa kifo. Ukali wake wote kambini, mazoezi yake ya upanga, kufunga kwake, ni jitihada ya kulipa deni hilo mbele ya wafu.

Sasa turudi kwa Kanemoto. Ameshikwa kwa tuhuma ya kumwingilia mateka Mholanzi aitwaye De Jong. Hara hampeleki kwa mwanasheria wala kwa ofisa yeyote. Anamleta Lawrence ashuhudie, anamtupa Kanemoto chini, anamdhalilisha, kisha anamwamuru ajipasue tumbo palepale. Kwa akili ya Hara hiyo ni huruma, kwa kuwa anamruhusu mtu wa chini afe kifo cha wakubwa. Yonoi anatokea na kulisimamisha tendo hilo, lakini baadaye analirudisha kama amri rasmi, mbele ya maofisa wa mateka walioitwa watazame. Kifo kinakwenda vibaya. De Jong naye, akilazimishwa kutazama, anajing'ata ulimi na kufa.

Watazamaji wa Ulaya hueleza tukio hili kama utangulizi wa mambo ya Yonoi na Celliers, dalili ya kwanza ya mapenzi yasiyotajika. Sawa, lipo hilo. Lakini kwa nini Oshima, ambaye angeweza kumweka hapo askari wa Kijapani, alimweka Mkorea?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1942 Japani, iliyokuwa imeitawala Korea tangu 1910, iliwachukua vijana wa Kikorea wapatao 3,000 kuwa walinzi wa kambi za mateka. Hawakuhesabiwa kuwa wanajeshi kamili bali watumishi wa jeshi, chini ya kila askari wa Kijapani hata wa ngazi ya mwisho. Walifunzwa kwa muda mfupi Busan, mji wa Korea, wakipigwa makofi kila siku, kisha wakapelekwa Thailand, Malaya na Java. Hata jina Kanemoto ni la Kijapani. Kuanzia mwaka 1940 Wakorea walishurutishwa kuacha majina ya koo zao na kuchukua ya watawala. Kwa hiyo mtu anayepigwa mateke na Hara mbele yetu amekwisha kunyang'anywa nchi, lugha na jina, kisha akapewa bunduki awalinde Wazungu waliozoea kuwa mabwana. Mateka wengi walioandika kumbukumbu zao waliwakumbuka walinzi Wakorea kuwa wakatili kuliko Wajapani. Inawezekana sana. Aliyekuwa akipigwa na kila mtu alikuta chini yake kuna kundi moja tu.

Vita vilipokwisha, Wakorea 148 walihukumiwa kama wahalifu wa kivita, na 23 kati yao walinyongwa. Sehemu kubwa ya hao 148 walikuwa walinzi wa kambi. Kuna jambo linaloniumiza kila ninapolisoma. Mwaka 1952, Japani ilipopata tena mamlaka yake, Wakorea walivuliwa uraia wa Japani, hivyo wale waliokuwa wametumikia jeshi lake wakakosa pensheni na fidia. Lakini waliokuwa gerezani Tokyo hawakuachiwa, kwa hoja kwamba walipotenda makosa walikuwa Wajapani. Walikuwa Wajapani wa kuadhibiwa, na wageni wa kulipwa. Oshima hakulijua jambo hili kwa kusikia tu. Mwaka 1963 alitengeneza filamu ya televisheni kuhusu wanajeshi wa zamani Wakorea, vilema na vipofu wa vita, wakiomba msaada katika mitaa ya Tokyo huku serikali ikiwaambia si raia wake. Miaka 20 baadaye akampa Kanemoto tukio la kwanza katika filamu yake kubwa ya kimataifa. Mtu aliyeilaumu nchi yake kwa jambo moja miaka yote hiyo haweki Mkorea mwanzoni mwa hadithi kwa bahati.

Ukishamwona Kanemoto, Celliers naye anaonekana upya. Katika mahakama ya kijeshi Batavia, mji mkuu wa Java wakati ule, anavua shati na kuonyesha mgongo wenye makovu. Yonoi, aliyekaa miongoni mwa majaji, anamtazama kama mtu aliyemwona yule aliyekuwa akimtafuta. Baada ya hapo anafanya kila linalowezekana ili Celliers asife. Celliers naye ana deni lake. Zamani shuleni alimwacha mdogo wake, mwenye kibyongo na sauti nzuri ya kuimba, aonewe na wanafunzi wakubwa, wakati yeye, mkubwa na mpendwa wa wote, angeweza kuwazuia. Hakupiga mtu. Alikaa ndani tu akisikia. Kwangu hiyo ndiyo dhambi ambayo filamu nzima inaichunguza: kusimama karibu na mtu anayedhalilishwa na kuchagua cheo chako, usalama wako, au sifa yako.

Ndiyo maana busu la mwisho lina uzito. Yonoi, akikasirishwa na kamanda wa mateka, Hicksley, anayekataa kumpa majina ya wataalamu wa silaha, anawaamuru mateka wote watoke nje, hata wagonjwa mahututi. Mmoja anakufa palepale. Upanga umeinuliwa juu ya Hicksley. Celliers anatoka mstarini, anatembea taratibu, anasimama kati ya upanga na shingo, kisha anambusu Yonoi shavu hili na lile. Yonoi anaanguka. Wapo wanaosema busu lile limemwumbua mbele ya askari wake kwa kufichua anachokitamani. Nakubali, lakini naona zaidi ya hapo. Celliers hatimaye anafanya kile ambacho hakukifanya kwa mdogo wake, na Yonoi anawekwa mbele ya mtu ambaye hatii amri wala hapigani. Mafunzo yote ya kambi ya jeshi hayakumwandaa kwa hilo. Adhabu ya Celliers ni kufukiwa juani hadi afe.

Mtu wa Afrika Mashariki anayo sababu ya kumkazia macho Kanemoto kuliko Mwingereza au Mjapani. Vita hivyo vilikuwa vyetu pia, japo hatukuvianzisha. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa imejaa wanajeshi, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliizamisha katika Bahari ya Hindi, na watu wapatao 1,300 wakafa. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na nchi jirani, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua na malaria, kwa ajili ya ufalme uliowahesabu kuwa watu wa ngazi ya chini.

Nyumbani Kenya, askari wa Kiafrika walikuwa wakilinda kambi za mateka wa Kiitaliano waliokamatwa Ethiopia na Somalia. Anayepita barabara ya zamani kuelekea Naivasha bado anaona kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na mateka hao mwaka 1942. Januari 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya, wakasimika bendera yao kwenye kilele chake cha Lenana, wakarudi wenyewe kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini wakakaa 7 tu, kwa kuwa mkuu wa kambi alivutiwa na ushujaa wao wa kimichezo. Nchi hiyohiyo, chini ya serikali hiyohiyo, tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola kwa kukataa kazi ya shuruti, na taarifa ya kwanza ya wakubwa ikadai vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Waliopiga virungu walikuwa askari Waafrika. Aliyewasimamia alikuwa Mwingereza.

Wapime hawa kwa kipimo cha utamaduni uone kama kinafanya kazi. Mwitaliano wa Nanyuki alikuwa adui wa vita, mwenye lugha na dini tofauti na mlinzi wake, akasamehewa siku 21. Mkenya wa Hola alikuwa nchini kwake, akilindwa na Mkenya mwenzake, akauawa. Mwitaliano alikuwa na Geneva nyuma yake na ngozi iliyomfanya mkuu wa kambi ajione ndani yake. Wa Hola hakuwa na kimojawapo. Na yule askari aliyeshika rungu, tunayempita haraka kwa kumwita kibaraka, alikuwa katika nafasi ileile aliyokuwa Kanemoto. Simtetei. Wafiwa wa Hola wana haki ya kumtaja alivyokuwa. Nasema tu kwamba mjadala wetu juu ya kambi hizo umemwacha yeye bila swali, kama wachambuzi wa filamu walivyomwacha Mkorea. Serikali ya Uingereza ilipokubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 waliopitia mateso ya wakati ule, pauni milioni 19.9, ilieleza masikitiko yake kwa waliopigwa. Kuhusu namna ilivyowafanya Waafrika kuwa mikono ya kupigia, mjadala haukwenda mbali.

Filamu ina dosari, na kubwa kwangu ni Java yenyewe. Tuko kisiwani penye mamilioni ya watu, na Wajava karibu hawaonekani. Ilipigwa picha Rarotonga, Visiwa vya Cook, na New Zealand, lakini hilo si kisingizio. Katika miaka ileile Wajapani waliwasomba Wajava kwa mamia ya maelfu kufanya kazi za shuruti, na idadi isiyohesabika haikurudi. Oshima aliyemkumbuka Mkorea hakumwona Mjava. Kwa kiasi fulani kosa limetoka kitabuni, kwani filamu imetokana na maandishi ya Laurens van der Post, Mwafrika Kusini mweupe aliyekuwa mateka Java, na ambaye Lawrence amefanana naye sana. Van der Post alipenda kueleza mataifa kwa roho na ndoto zao. Wasifu wake uliochapishwa mwaka 2001, baada ya kifo chake, ulionyesha kwamba mengi aliyosimulia juu ya maisha yake aliyatia chumvi. Nadhani tafsiri ya Mashariki na Magharibi ilianzia kwake, na Oshima aliichukua akaitia Kanemoto katikati ili isikae vizuri.

Tunabaki na mwisho. Ni mwaka 1946, Hara ndiye mfungwa sasa, atanyongwa alfajiri, na Lawrence amekuja kumuaga. Hara amejifunza Kiingereza. Anasema aliyoyafanya hayakuzidi ya askari mwingine yeyote. Lawrence anamjibu kwamba yeye ni mhanga wa watu wanaojiona wako sahihi, kama Hara na Yonoi walivyojiona zamani, na kwamba ukweli ni kwamba hakuna aliye sahihi. Kisha uso wa Kitano unaijaza skrini nzima na anatamka salamu ya Krismasi, ileile aliyoitoa akiwa amelewa usiku alipowaokoa Lawrence na Celliers wasiuawe. Sijaona uso mwingine katika sinema ya vita unaonitaka nimpende mtu kiasi kile, na kila nikifika hapo nataka Lawrence awe na uwezo wa kumfungulia mlango.

Maneno ya Lawrence, hata hivyo, siyakubali. Ana haki ya kumsamehe Hara kwa vipigo alivyopigwa yeye, na kumsamehe kwake ni jambo kubwa. Lakini alikuwepo siku Kanemoto anatupwa chini. Alimwona akilia. Hakuna aliye sahihi? Yonoi hakuwa sahihi, Hara hakuwa sahihi, waliomhukumu Hara huenda walikosea. Je, kijana wa Busan aliyechukuliwa kwao, akabadilishwa jina, akapelekwa kisiwa asichokijua na kulazimishwa kujipasua tumbo mbele ya wageni, naye tumuweke kwenye orodha hiyo? Lawrence hamtaji usiku ule. Hara naye hamtaji. Wanakumbushana Celliers na Yonoi, maofisa wawili wazuri wa sura, na wanaagana kama marafiki.